Bolti ya oili imekula meno: usinunue kasha jipya bado

Swali: Ami, shikamoo. Mimi ni mwendesha boda wa Mtongwe, navuka feri karibu kila siku na Boxer 150. Mwezi uliopita bolti ya kumwagia oili ilianza kuzunguka bila kukaza. Fundi wa kwanza aliizungushia tepu nyeupe ya mabomba, ikatulia siku mbili. Wa pili akashindilia bolti nene kidogo kwa nguvu ya spana, na sasa inavuja tone kwa tone. Wa tatu anasema kasha la injini limekufa, ninunue jingine. Tena bolti moja ya kifuniko cha klachi nayo haishiki. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kasha lako halijafa. Makasha yaliyokufa nimeyaona mengi, na sikumbuki hata moja lililouawa na hesi ya bolti ya oili. Yaliuawa na nyufa, au na fundi wa nne. Kwa hiyo kabla ya yote, hiyo bolti nene iliyomo sasa isikazwe tena, hata robo mzunguko. Weka kipande cha katoni chini ya injini usiku, pima oili asubuhi kabla ya kuwasha, ongeza iliyopungua. Injini ya cc 150 hubeba oili ya lita moja na kitu, haina akiba ya kuchezea. Na utazame gurudumu la nyuma kila unaposimama, kwa sababu oili inayodondoka hapo chini hupeperushwa nyuma, na mteremko wa kuingilia feri si mahali pa kuwa na tairi lenye mafuta. Tone likigeuka mchirizi, egesha.

Sasa sikiza kilichotokea, maana ukikielewa hutadanganywa tena. Hesi, ambayo nyinyi vijana mnaiita thredi, ni kama ngazi iliyoviringishwa. Bolti yako ni ya chuma, tundu lake ni la alumini, na alumini ni laini. Unapokaza, bolti huvutika kidogo mno, kama springi, na mvuto huo ndio unaoshika. Si kule kujaa tundu. Mzigo wenyewe haugawanyiki sawa: jino la kwanza, lile lililo karibu na kichwa cha bolti, hubeba karibu theluthi nzima peke yake. La pili hubeba pungufu yake, la tatu pungufu tena, na ukifika jino la sita au la saba limebaki kama abiria tu. Jino la kwanza likikatika, la pili linageuka la kwanza. Ndiyo maana bolti hukaza vizuri leo, kesho inalegea kidogo, na siku moja inazunguka tupu huku vinyuzi vya alumini vimejiviringisha juu yake kama tambi.

Nani alilikata jino la kwanza? Mara nyingi ni washa. Ile washa laini ya alumini au ya shaba iliyo chini ya kichwa cha bolti imeumbwa ibonyee mara moja. Ikirudishwa mara tano inakuwa ngumu, haizibi tena, oili inatoka jasho, na fundi anaongeza nguvu ili kulikausha jasho hilo. Anayebadilisha oili kila wiki mbili amefungua bolti ile mara 26 kwa mwaka. Zidisha hiyo kwa mkono wa fundi mwenye spana ndefu, utaona hesabu inakokwenda.

Tepu nyeupe haikusaidia kwa sababu haina meno. Inaziba maji kwenye bomba, haiwezi kubeba mvuto wa bolti. Vipande vyake vikikatika huelea ndani ya oili hadi kwenye chujio. Ukifungua, hakikisha umevitoa vyote. Gundi ya chuma ile ya kuchanganya mirija miwili, usiiguse kwa kazi hii. Nimewahi kung'oa bolti iliyogandishwa nayo: ilitoka na kipande cha kasha.

Kuhusu bolti nene iliyoshindiliwa, hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Si kwamba haishiki kabisa. Tatizo ni kwamba kila dawa ya haraka inakula alumini ile ile ambayo dawa ya kweli itaihitaji. Nyama iliyozunguka tundu lile ni chache, nayo hairudi. Kwa hiyo swali la kujiuliza si bolti gani itaingia. Jiulize umebakiwa na alumini kiasi gani.

Pima. Mwaga oili yote, toa ile bolti nene, futa tundu kwa kitambaa kilicholoa mafuta ya taa, kisha azima kalipa, kile kipimo cha milimita chenye taya mbili. Chukua vipimo vitatu: upana wa tundu ukipima kulia na kushoto, upana ukipima mbele na nyuma, na upana wa kile kifundo cha alumini kilichotokeza kuzunguka tundu. Vile viwili vya kwanza vikilingana, tundu bado ni duara. Vikitofautiana, fundi wako wa pili alilipanua upande mmoja. Tafuta pia bolti yako ya asili na uipime. Kwa pikipiki za ukubwa huo mara nyingi utakuta ni M12 yenye hatua ya 1.5, yaani unene wa milimita 12 na milimita moja na nusu kutoka jino hadi jino. Lakini pima ya kwako, usiende kwa kukisia. Kwenye hatua ndipo watu wanapoharibu injini: bolti ya M10 inayouzwa katika duka la kawaida la vyuma aghalabu ina hatua ya 1.5, na matundu mengi ya M10 kwenye pikipiki yana hatua ya 1.25. Kwa macho zinafanana. Ukiilazimisha, mizunguko miwili ya kwanza inakubali, wa tatu unachinja.

Baada ya kupima, njia zako ni mbili.

Tundu likiwa duara na halijapita milimita 12.5, una bahati. Hicho ndicho kipenyo cha kutobolea kabla ya kukata hesi ya M14 yenye hatua ya 1.5. Bolti ya oili ya M14 kwa 1.5 hutumika kwenye magari mengi, Honda na Volkswagen miongoni mwao, kwa hiyo unaweza kuipata pamoja na washa yake bila kuagiza mbali. Chagua fupi. Bolti ndefu ikipenya ndani sana inaweza kugusa gia au krenki. Ilinganishe na ile ya asili, na urefu wa chini ya kichwa usizidi wa ile. Ukikuta ndefu tu, kata kwa msumeno na ulainishe ncha kwa tupa.

Kazi yenyewe naieleza polepole. Pikipiki isimame wima juu ya stendi kubwa, nayo stendi iwe juu ya mbao mbili nene ili upate nafasi ya mikono chini. Wengine huilaza ubavu ili tundu litazame juu. Ni raha kwa mgongo wako, ila kila chenga itaanguka ndani ya injini. Fanyia kazi chini, chenga zianguke usoni pako, na uvae miwani.

Kutoka milimita 12 hadi 12.5 unaondoa robo milimita kila upande. Usitumie keekee ya umeme. Alumini nyembamba hivyo huinasa biti kwa ghafla, inavutwa ndani, na tundu linatoka na pembe tatu. Funga biti ya 12.5 kwenye mpini wa tapu (tapu ni chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu) na uizungushe kwa mkono, kidogo kidogo, huku umeipaka mafuta ya taa. Halafu tapu. Ijaze grisi kwenye mifereji yake, maana grisi ndiyo inayozikamata chenga. Anza na ile yenye ncha iliyochongoka. Mizunguko miwili ya kwanza ndiyo roho ya kazi: tapu ikiinama hapo, kichwa cha bolti hakitakaa bapa, na washa haitaziba hata ukaze mpaka uvunjike mkono. Weka skwea ndogo ubavuni mwa tapu, itazame kwa mbele, halafu kwa pembeni. Ikiwa imelala, rudisha nyuma, anza tena. Ikisimama, endelea: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chenga zikatike. Kila mizunguko mitatu itoe tapu nje, ifute, ipake grisi mpya. Ikiwa nzito ghafla, usiishindanie. Tapu ni feleji ngumu inayovunjika kama glasi, na kipande chake kikibaki ndani, biti ya kawaida haikitoboi.

Kisha kusafisha, na hapa nakuomba usiwe mvivu. Watu hupitisha sumaku wakaridhika, kumbe sumaku haishiki alumini. Mimina nusu lita ya dizeli au oili rahisi kupitia mdomo wa juu, bolti ikiwa nje, iache itiririke mpaka itoke bila kumeta. Rudia. Kama injini yako ina chujio la wavu upande wa chini, lifungue ulioshe. Funga bolti, tia oili rahisi, iache injini ingurume polepole dakika tano bila mzigo, imwage, ndipo utie oili yako nzuri. Oili ya kusafishia ni hasara ndogo. Chenga moja kwenye pampu ya oili ni hasara nyingine kabisa.

Lakini naogopa tundu lako halitakuwa duara, kwa jinsi ulivyolieleza. Ikiwa hivyo, au kama limeshapita 12.5, njia ya pili ni bushi, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi kwa bolti inayofunguliwa mara kwa mara. Bushi ni bomba fupi la chuma lenye hesi ndani na nje: nje M16 kwa 1.5, ndani M12 kwa 1.5, ili bolti yako ya asili irudi nyumbani kwake. Tundu hupanuliwa hadi milimita 14.5 na kukatwa hesi ya M16. Mji wa bandari haukosi fundi wa kerezo, yule anayechonga vyuma kwa mashine ya kuzungusha. Mpe vipimo, akuchongee, na umwambie aache ukingo mwembamba mdomoni, kama ukingo wa sahani, ili bushi isiweze kuzama ndani. Ukingo huo uingie kwenye kidaraja kilichochongwa kwenye alumini, uso wake uwe sawa na uso wa kasha. Hapo washa italala juu ya vyote viwili na kuziba njia zote za oili. Bushi huingizwa na gundi nyekundu ya hesi, ile inayostahimili joto la nyuzi 150 hivi. Kabla ya gundi, alumini na bushi visafishwe kwa petroli, injini ikiwa baridi kabisa na hakuna anayevuta sigara. Iache mpaka kesho yake ndipo uikaze bolti.

Hapa ndipo kile kipimo cha tatu, cha kifundo, kinapofanya kazi. Kama ukishatoboa 14.5 utabakiwa na ukuta wa alumini wa chini ya milimita 3 pembeni, usithubutu M16. Hapo, ikiwa tundu halijapita 12.5 upande wowote, mwambie fundi wa kerezo achonge bushi ya M14 nje na M10 ndani, halafu utafute bolti ndogo. Oili itatoka polepole zaidi wakati wa kumwaga, basi.

Kuchomelea? Inawezekana, kwa mashine ya gesi ya argoni na mtu anayeijua alumini. Shida ni kwamba alumini iliyokunywa oili kwa miaka hutoa mapovu ikichomwa, na kasha zima lingepaswa kufunguliwa na kuoshwa kwanza. Iweke mbali, kwa siku ya ufa. Na kasha jipya analolisema fundi wako wa tatu maana yake ni kuipasua injini katikati: kichwa, silinda, klachi, gia, krenki, vyote vitoke na kurudi, na gasketi mpya juu yake. Yote hayo kwa ajili ya tundu la unene wa kidole!

Kifuniko cha klachi ni habari nyepesi. Bolti zile kwa kawaida ni M6, na kabla ya kukata chochote, chukua kijiti cha kiberiti, kitumbukize kwenye tundu lisiloshika, weka alama, upime kina. Linganisha na urefu wa bolti unaoingia ndani ya kasha. Mara nyingi utakuta bolti ilikuwa inashika meno matatu tu ya juu na chini yake kuna hesi nzima haijaguswa. Bolti za kifuniko hazilingani urefu, na fundi akizichanganya, fupi inaingia kwenye tundu la ndefu na kubeba mzigo isiouweza. Kwenye alumini, bolti ya M6 inataka kushika angalau milimita 9. Bolti ndefu kidogo, isiyogonga mwisho wa tundu, inaweza kumaliza kesi yako kwa bei ya soda. Siku nyingine ukifungua kifuniko, chora umbo lake kwenye katoni, utoboe, na kila bolti uichomeke mahali pake.

Kama chini nako kumechinjwa, tumia koili, ile springi ya waya wa chuma cha pua unaoskurubiwa ndani ya tundu. Kwa M6 unatoboa milimita 6.3, unakata hesi kwa tapu inayokuja na kifurushi cha koili (ya kawaida haitafaa), unaingiza koili mpaka iwe chini ya uso kwa robo hadi nusu mzunguko, kisha unavunja kile kijimkia chake na kukitoa. Kitoe kweli, usikiache kidondoke ndani. Tundu hilo litakuwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani, kwa sababu waya umeshika alumini kwa upana mkubwa zaidi. Ila tundu lisilo na upenyo ni hatari kwa asiyepima. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo, nilitoboa moja la kichwa cha silinda bila kufunga tepu kwenye biti kuonyesha kina, nikaibukia kwenye mfereji wa oili. Mwenye pikipiki alikuwa amekaa kwenye ndoo ananitazama. Tangu siku hiyo biti zangu zote zina tepu ya rangi.

Wewe una adui mwingine ambaye mwendesha boda wa bara hana, nayo ni chumvi. Chuma na alumini vikigusana na kuloweshwa maji ya chumvi hugeuka kama betri, na kinacholika ni alumini. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka bolti ndiyo hesi yako inayoondoka. Bolti za chuma cha pua zinazong'aa, ambazo vijana wanazipenda, zinaichochea hali hiyo zaidi. Osha injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, na kila bolti inayorudi kwenye alumini ipake grisi kidogo ya alumini. Ukishapaka, punguza mkono, kwa kuwa bolti yenye grisi huvutika zaidi kwa nguvu ile ile.

Mkono wenyewe upunguze kiasi gani? Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ni bora, lakini wengi hatuna. M6 inataka kama nyutoni mita 10, sawa na kutundika mfuko wa kilo 10 kwenye ncha ya spana, sentimita 10 kutoka kwenye bolti. Bolti yako ya oili, kwenye alumini na washa mpya, ikipata kati ya 20 na 25 inatosha: kilo 12 kwenye spana ya sentimita 20. Jaribu siku moja kwa ndoo ya maji na kamba, mkono wako ujue uzito huo. Ikivuja baada ya hapo, badilisha washa, usiongeze nguvu.

Anza na vile vipimo vitatu, na kijiti cha kiberiti. Ukiona ukuta wa kifundo ni mwembamba kuliko nilivyosema na tundu limeshapita 12.5, au limepasuka mdomoni hata kwa unywele, usikate hesi yoyote. Niandikie kwanza milimita ulizozipata.